Ipasue 2,372,015 kwa penseli

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 iliuhesabia mkoa wa Mara watu 2,372,015. Wanaopanga madarasa, visima na zahanati wana kazi yao na namba hiyo, na leo hatutawaingilia. Sisi tutaichukua namba yenyewe, tusahau kwa muda kwamba ni ya watu, tuone imejengwa kwa nini, inagawanyika kwa ngapi na inakataa nini. Uwe Nyasho, Bunda mjini au Butiama, unahitaji daftari, penseli na jioni moja isiyo na haraka. Kikokotoo kiwe karibu, ila kisitangulie.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, wa mwalimu wa darasa la sita au la saba, na wa yule mzazi ambaye akiletewa swali la namba tasa hukumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri nje. Jambo moja lishike tangu sasa: ukubwa wa namba haukuambii ugumu wake. Utakutana hapa na namba ya nchi nzima inayovunjika vipande vidogo vidogo bila kubisha, na namba ya mji mmoja inayogoma kabisa.

Anza mkiani

Usikimbilie kugawanya. Tazama kwanza tarakimu ya mwisho: ni 5. Tayari unajua mambo mawili, kwamba namba ni witiri na kwamba inagawanyika kwa 5 bila baki. Sasa tazama tarakimu mbili za mwisho, 15. Kila mia hugawanyika kwa 4, kwa hiyo hizo mbili tu ndizo zenye neno: 15 kwa 4, baki 3. Kisha tatu za mwisho, 015, kwa kuwa kila elfu hugawanyika kwa 8: baki 7. Andika hilo 7 pembeni na ulizungushie duara. Tutalihitaji baadaye, na litafanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana.

Jumlisha tarakimu zote: 2 + 3 + 7 + 2 + 0 + 1 + 5 = 20. Kwa kuwa 10, 100, 1,000 na kuendelea zote huacha baki 1 zikigawanywa kwa 9, jumla ya tarakimu huacha baki ileile inayoachwa na namba nzima. 20 kwa 9 ni baki 2, na kwa 3 pia ni baki 2. Kwa hiyo 3 na 9 zimeshakataa.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana kipimo hiki cha tisa kina faida hata kwa asiyejali namba tasa. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anaweza kuhakiki hesabu zake nacho kwa sekunde chache. Chukua tofauti ya sensa mbili. Mwaka 2012 Mara ilikuwa na watu 1,743,830. Ukitoa hiyo kwenye 2,372,015 unapata 628,185. Je, umetoa sawasawa? Baki za tisa ni 2 kwa ile kubwa na 8 kwa ile ndogo. 2 toa 8 ni 6 chini ya sifuri, ongeza 9 upate 3. Jumla ya tarakimu za 628,185 ni 30, na 30 kwa 9 huacha 3. Zimekubaliana.

Lakini kipimo cha tisa kina upofu wake. Mtu akiandika 628,815 badala ya 628,185, jumla ni 30 vilevile, na kosa linapita. Makosa ya kupishanisha tarakimu ndiyo yanayojaa kwenye madaftari, kwa hiyo ongeza kipimo cha kumi na moja: anza kulia, jumlisha moja, toa inayofuata, jumlisha, toa. Kwa 2,372,015 ni 5 − 1 + 0 − 2 + 7 − 3 + 2 = 8. Kwa 1,743,830 ni 0. Tofauti yao lazima ilete 8. Jaribu 628,185: 5 − 8 + 1 − 8 + 2 − 6 ni 14 chini ya sifuri, ongeza 22, upate 8. Sawa. Jaribu 628,815: unapata 0. Imekamatwa. Mimi nisingefunga kitabu cha fedha cha kikundi chochote bila vipimo hivi viwili kwa pamoja.

Namba 1001, rafiki wa mwenye penseli

Shuleni kipimo cha 7 hurukwa au hufundishwa kwa kanuni ndefu ambayo hakuna anayeikumbuka baada ya mtihani. Kuna njia fupi. Zidisha 7 × 11 × 13: unapata 1001. Hii ina maana kwamba elfu moja ni pungufu kwa moja tu ya namba inayogawanyika kwa zote tatu. Basi igawe namba yako katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kama zinavyokaa koma, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana. Jibu dogo unalopata ndilo utakalolijaribu kwa 7, kwa 11 na kwa 13.

Kwanza tumalize kazi ya 5. 2,372,015 ÷ 5 = 474,403. Tangu sasa tunahangaika na 474,403 tu. Mafungu yake ni 403 na 474. 403 toa 474 ni 71 chini ya sifuri. Alama ya kutoa iache, haina madhara ukitaka kujua tu kama kuna baki. 71 haigawanyiki kwa 7, wala kwa 11, wala kwa 13. Utoaji mmoja umeziondoa namba tasa tatu njiani.

Ili uone raha yake, ijaribu namba ya mwaka 2012: 830 − 743 + 1 = 88. Inagawanyika kwa 11! Na namba ya Tanzania nzima mwaka 2022, 61,741,120: 120 − 741 + 61 ni 560 chini ya sifuri, na 560 ni 7 mara 80. Inagawanyika kwa 7. Mtu asiyejua siri ya 1001 atadhani umekariri.

Safari hadi 53

Sasa njia fupi zimekwisha. Kinachofuata ni kugawanya 474,403 kwa namba tasa moja baada ya nyingine: 17, 19, 23, 29, na kuendelea. Usijaribu kwa 15 wala 21. Namba isiyogawanyika kwa 3 haitagawanyika kwa 21. Kama huna orodha ya namba tasa, itengeneze kwa chekeche la Eratosthenes, mwanazuoni aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, na kuongoza maktaba ya Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Andika 2 hadi 100. Acha 2, kata vigawe vyake vyote vinavyofuata. Acha 3, kata vyake. Fanya hivyo kwa 5 na 7, basi. Zitakazosalia ni 25, nazo zote ni tasa.

Je, utagawanya hadi wapi? Hadi kipeuo cha pili cha namba, hatua moja usizidishe. Kama namba ina kigawo kikubwa kuliko kipeuo chake cha pili, basi mwenzake wa kuzidishana naye ni mdogo kuliko kipeuo hicho, na ungekuwa umeshakutana naye. Kipeuo cha pili cha 474,403 ni 688 na ziada. Chini ya hapo kuna namba tasa 124. Usiogope, ni hali mbaya kabisa hiyo.

Hapa ndipo kikokotoo kinaruhusiwa. Baki hakikuonyeshi moja kwa moja, ila unaweza kukilazimisha. Gawanya 474,403 kwa 47: kinaleta 10093.68 na ushee. Toa 10093, ubaki na ushee peke yake, uuzidishe kwa 47. Inakuja 32 au karibu sana na 32. Hiyo ndiyo baki. Andika kila baki kwenye daftari, maana ukirudi kesho hutataka kuanza upya. Zako zinapaswa kusomeka hivi: 17 baki 1, 19 baki 11, 23 baki 5, 29 baki 21, 31 baki 10, 37 baki 26, 41 baki 33, 43 baki 27, 47 baki 32.

Halafu 53. Zidisha: 53 × 8,951 = 447,550 + 26,853 = 474,403. Hakuna baki.

Wengi huishia hapo kwa furaha, au hurudi kuanza na 2. Yote mawili ni makosa. 8,951 bado haijajulikana kama ni tasa, lakini huna sababu ya kurudi nyuma: kigawo chochote cha 8,951 ni kigawo cha 474,403, na zile ndogo zimeshakataa. Anza na 53 yenyewe, kwa kuwa namba tasa inaweza kujirudia. Kipeuo cha pili cha 8,951 ni 94 na ushee, kwa hiyo zimebaki tisa tu: 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83 na 89. Baki zake ni 47, 42, 45, 40, 5, 45, 24, 70 na 51. Hakuna sifuri. 8,951 ni tasa, na kazi imekwisha:

2,372,015 = 5 × 53 × 8,951.

Kwa mpangilio huo unaweza kujua namba ina vigawo vingapi bila kuvitafuta kimoja kimoja. Kila kigawo tasa kinaweza kuwemo au kutokuwemo, hivyo 2 × 2 × 2, vigawo vinane: 1, 5, 53, 265, 8,951, 44,755, 474,403 na namba yenyewe. Ukivijumlisha vyote isipokuwa namba yenyewe unapata 528,433, haifiki hata robo ya 2,372,015. Wagiriki wa kale waliita namba za namna hii pungufu. Ya mwaka 2012, iliyo ndogo, ina vigawo 32, maana 1,743,830 = 2 × 5 × 11 × 83 × 191.

Ukitaka kujua kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili, orodha zinaonyesha wazi kuwa ni 5. Lakini ungeweza kukipata bila kupasua chochote, kwa njia ya Euclid: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ile ndogo kwa baki, endelea hivyo. Baki zinashuka 628,185, 487,460, 140,725, 65,285, 10,155, 4,355, 1,445, 20, 5, kisha sifuri. Mistari kumi tu. Kwa namba kubwa kweli kweli, Euclid ni wa haraka na kupasua ni kwa polepole, na siri nyingi za benki na za simu hulindwa na pengo hilo: kompyuta huzidisha namba tasa mbili ndefu papo hapo, ila kuzitenganisha tena ni kazi nzito mno.

Gwaride lisilopangika

Rudi kwenye 7 ulilolizungushia duara. Fikiria watu wote wa Mara wameitwa kwenye gwaride na mkuu wa gwaride anataka vikosi vya mraba, safu sawa na mistari: 3 kwa 3, 10 kwa 10, 1,000 kwa 1,000. Vikosi viwili vitatosha? Vitatu je? Huhitaji kujaribu hata mara moja. Jibu ni hapana, na sababu ni lile 7.

Zidisha namba witiri yoyote kwa yenyewe kisha gawanya kwa 8: 9, 25, 49, 81, zote huacha baki 1. Namba shufwa ikizidishwa yenyewe huacha 0 au 4. Basi kila kikosi cha mraba kina baki 0, 1 au 4, hakuna nyingine. Jumlisha tatu kati ya hizo kwa namna yoyote unayotaka: 1 + 1 + 1 ni 3, 4 + 1 + 1 ni 6, 4 + 4 + 1 ni 9 ambayo ni baki 1. Saba haipatikani. Inahitaji 4 + 1 + 1 + 1, vikosi vinne.

Vinne vinatosha daima. Lagrange alilithibitisha hilo kwa namba zote nzima mwaka 1770. Kuvitafuta ni kazi ya kupapasa kwa akili. Mraba mkubwa kabisa unaoingia ni 1,540 × 1,540 = 2,371,600, unabaki na watu 415. Ila 415 nayo huacha baki 7 kwa 8, kwa hiyo vikosi vitatu haviitoshi. Shuka hatua moja: 1,539 × 1,539 = 2,368,521, unabaki na 3,494. Hapo 59 × 59 ni 3,481, zinabaki 13, ambazo ni 9 na 4. Kwa hiyo vikosi ni vya pande 1,539, 59, 3 na 2. Ukipata mpangilio mwingine usishangae, ipo mingine.

Kama una mtoto anayependa kompyuta, mwambie aigawe 2,372,015 kwa 2 mfululizo, akiandika 1 panapokuwa na baki na 0 pasipokuwa nayo, kuanzia kulia kwenda kushoto. Atapata 1001000011000110101111. Tarakimu 22, moja ziko 11 na sifuri 11. Nusu kwa nusu.

Namba ya taifa na mambo yake

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya sensa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: Tanzania ina watu 61,741,120. Ipasue kwa njia zilezile na itakushangaza kwa ulaini wake. Igawe kwa 2 mara sita, kwa 5 mara moja, kwa 7 tumeshaona, inabaki 27,563, ambayo ni 43 × 641. Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote katika namba ya mamilioni sitini ni 641 tu. Idadi ya vigawo vyake: 2 imejirudia mara sita, hivyo ina nafasi saba, na nyingine nne zina nafasi mbili mbili; 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Jumla ya vigawo hivyo, ukiacha namba yenyewe, ni 110,458,688, imeizidi mbali.

Hiyo 641 ni maarufu. Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara 32 na kuongezwa moja, ni tasa. Euler alionyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Na tarakimu nne za kwanza za namba yetu ya taifa, 6174, nazo zina jina. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, aliandika kuihusu mwaka 1949. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kuanzia kubwa, kisha kuanzia ndogo, toa, rudia. Ndani ya hatua saba utaishia 6174 na hutatoka. 1961, mwaka wa Uhuru, unatumia hatua zote saba: 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, 6174. Mwaka 1922, alipozaliwa Mwalimu Nyerere kule Butiama, na 1999, alipofariki, yote miwili huanza kwa 7992 na kufika kwa hatua sita.

Yafurahie, lakini usiyape maana yasiyokuwa nayo. Mtoto mmoja angezaliwa zaidi usiku ule wa kuamkia sensa, namba ingekuwa 61,741,121 na vigawo vyote vingebadilika. Anayekuambia namba ya sensa inatabiri lolote anataka kukuuzia kitu.

Zoezi la darasa zima

Sensa ya 2012 iliipa Manispaa ya Musoma watu 134,327. Ndogo kuliko zote tulizozigusa. Tarakimu ya mwisho 7, jumla ya tarakimu 20, na 327 toa 134 ni 193, ambayo inakataa 7, 11 na 13. Kipeuo cha pili ni 366 na ushee, kwa hiyo kuna namba tasa 72 za kujaribu, ya mwisho ikiwa 359. Mwalimu, mgawie kila mwanafunzi moja au mbili, watoe baki ubaoni. Kwa 47 itakuwa 1, kwa 199 itakuwa 2. Kwa 193 watakosa kwa mtu mmoja tu, maana 193 × 696 ni 134,328. Sifuri haitatokea popote: 134,327 ni namba tasa. Na kwa kuwa 327 kwa 8 huacha baki 7, gwaride lake nalo linadai vikosi vinne, vya pande 366, 19, 3 na 1.

Mwanafunzi akinyoosha mkono kwamba amepata kigawo, usibishane naye. Mpe chaki azidishe.